Nyumba ya Bati la Kijani

Mwalimu Evaristi Ngollo alikuwa amemjengea mama yake nyumba nzuri sana, na nyumba yenyewe aliijenga kwa mdomo. Ilianza kwa unyenyekevu, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma na bati la kijani, siku alipokuwa akifundisha amri ya nne ya Mungu katika kidato cha kwanza, pale Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Zita, nje kidogo ya mji wa Tabora. Waheshimu baba na mama, alisema, kisha akatafuta mfano, na mfano uliokuwa karibu kuliko yote ulikuwa yeye mwenyewe. Wasichana walipiga makofi. Makofi ni kitu kibaya kwa mtu kama Evaristi. Mwaka uliofuata nyumba ilipata baraza. Kisha ikapata sakafu ya saruji, kisha madirisha ya vioo, kisha tanki la kukingia maji ya mvua, na wasichana waliofika kidato cha nne wangeweza kukueleza ujenzi wote tangu mwanzo, maana waliikuta nyumba haina hata ngazi na sasa ilikuwa na maua mlangoni.

Mama mwenyewe, Bibi Spesioza, mjane wa mzee Ngollo, alikuwa akiishi Usoke, kando ya reli, katika nyumba ya udongo na nyasi. Hilo bati la kijani hakuwahi kuliona wala kulisikia. Evaristi alipenda kusema kwamba kwao ni upande wa Urambo, jambo ambalo ukiamua kumhurumia si uongo, kwa kuwa Usoke imo ndani ya wilaya ya Urambo. Huko kwao alifika mara moja moja, mbiombio, na akiulizwa kwa nini haonekani alisingizia ubovu wa barabara. Lami ilikuwa imeshawekwa, mabasi yanapita kutwa nzima, lakini habari za lami zilikuwa bado hazijamfikia mwalimu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho. Kila mwezi alikusudia, na kila mwezi ilitokea suti mpya, au mchango wa harusi ya mkubwa fulani ambako majina ya wachangiaji yangesomwa kwenye kipaza sauti. Nia ya kumjengea mama ilikuwepo, tena nia nzuri kabisa, ila mvua ya Usoke ilikuwa ikipita katikati yake na kuangukia kitandani.

Sasa shule ya Mtakatifu Zita ina desturi yake ya Kwaresima. Badala ya wasichana kukaa tu na kununa kwa ajili ya dhambi, hutolewa nje kwenda kufanya matendo ya huruma. Aliyeianzisha ni Sista Advera, mkuu wa shule, Mhaya mrefu asiyependa maneno mengi, na moyo wake ulikuwa safi. Ila wazo lake lilipita kwenye kamati, na huko likatoka na fulana zilizoandikwa HURUMA KWA VITENDO, likatoka na bango, likatoka na kwaya ya kuimba kazi ikiendelea, ili maskini asije akachoka kusaidiwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Evaristi.

Mwaka huo palikuwa na jambo lingine. Makamu mkuu wa shule alikuwa amehamishwa na kiti chake kilikuwa wazi. Sista alishasema katika kikao cha walimu kwamba baada ya Pasaka atateua mtu ambaye wasichana wanaweza kumwiga, si mtu wa vyeti tu. Aliposema hivyo alimtazama Evaristi, na Evaristi akainamisha macho kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi. Tangu siku ile alikuwa akipita mbele ya ofisi ya makamu polepole, mikono nyuma, kidevu juu, kama mtu anayekagua kiwanja chake.

Shule haichagui maskini. Sista huogopa upendeleo, kwa hiyo huwaachia Wakristo wa kigango husika. Jumuiya inakaa, inapiga kura, inamtaja mwenye shida kuliko wote. Safari hii ilikuwa zamu ya Usoke. Evaristi aliposikia jina hilo moyo ulimruka, kisha akajituliza kwamba Usoke haikosi vikongwe. Sista akavaa miwani, akasoma kwenye simu ujumbe wa katekista Anton: jumuiya ya Mtakatifu Ana imemchagua mjane mmoja anayeitwa Spesioza, paa lake linavuja, na hana wa kumsaidia.

Evaristi aliinua kikombe akanywa chai iliyokuwa imeshaisha.

Alijitahidi, huwezi kumnyima hilo. Alishauri mwaka huu waende hospitali ya Kitete wakawaogeshe wagonjwa. Sista akamwambia kidato cha pili wameshapangiwa huko. Alisema Ulyankulu shida ni kubwa zaidi. Sista akasema shida haipimwi kwa umbali. Mwishowe alisema udongo wa Usoke haushiki vizuri ukutani, na hapo walimu wenzake wakageuka kumtazama, maana kwa mtu wa upande wa Urambo alikuwa akiufahamu mno udongo wa Usoke.

Jioni alimpigia simu katekista Anton. Alianza kwa kumuuliza hali, akaja kwenye mvua, akaja kwenye tumbaku, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kura haiwezi kurudiwa.

"Mwalimu, mimi nilidhani utafurahi," alisema Anton. "Tulinyoosha mikono, hakuna aliyepinga. Hata mama mwenyewe alinyoosha."

Kwa hiyo Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Evaristi aliwaacha wasichana kanisani katikati ya Njia ya Msalaba, kwenye kituo kile ambapo Simoni wa Kirene anabebeshwa msalaba usio wake, akatoka kwa kunyata akapanda basi la Usoke. Alifika upesi kuliko alivyotaka. Lami ilikuwepo.

Alimkuta mama yake nyuma ya bani la jirani, pale wanapokaushia tumbaku, amekaa na wanawake wengine wakifunga majani kwenye vijiti. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Evaristi alimpa shikamoo, akapokewa kwa furaha ambayo ilimchoma kidogo, akatoa sukari na sabuni. Wanawake wakaona mambo ya mama na mwana, wakasogea kando kwa heshima, masikio wakayaacha pale pale.

Alizunguka sana kabla ya kufika. Alieleza habari za cheo, na jinsi Sista alivyo mtu wa msimamo, na jinsi wasichana wa siku hizi walivyo wepesi wa kuelewa vibaya. Nyumba ya bati la kijani hakuigusa. Mama yake alimsikiliza huku akifunga jani juu ya jani.

"Kwa hiyo, mama, kesho nikija nao," alisema Evaristi, "nakuomba usiniite mwanangu."

Spesioza alikaza uzi. "Nikuite nani?"

"Mwalimu. Kama wanavyoniita wote."

Ni ombi baya. Ulitafutie jina zuri, ulizungushie sababu, litabaki baya, na Evaristi alilijua hivyo wakati linamtoka, ndiyo maana alikuwa akitazama majani ya tumbaku na si uso wa mama yake.

"Paa watapanda?" mama aliuliza. "Mimi nilinyoosha mkono kwa ajili ya paa. Kitanda nimekihamisha mpaka kimekosa pa kwenda."

Evaristi alimhakikishia kwamba watatengeneza kila kitu.

"Sawa, mwalimu," alisema Spesioza.

Alidhani anamtania. Alicheka kidogo, akamuaga, akawahi basi la kurudi. Alikuwa hajafika hata barabarani wanawake wakarudi kukaa, wakauliza ni kweli walichokisikia, na Spesioza akawajibu kwamba ni kweli, na kwamba mtoto akiomba hupewa. Basi kabla jua halijazama Usoke nzima ilikuwa imeombwa, na Usoke nzima ikakubali kwa moyo mkunjufu. Kila mtu aliahidi kutomfahamu Evaristi.

Kesho yake Fuso la shule liliingia Usoke likiwa limejaa fulana mpya na nyimbo. Spesioza alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitenge safi, rozari shingoni. Sista Advera alitangulia kumpa shikamoo kama ipasavyo kwa mtu mzima, akajibiwa marahaba. Nyuma yake akaja Evaristi, na kabla hajafungua mdomo, mama yake alikunja goti kidogo, akamwinamishia kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Watu wa Usoke waliojipanga chini ya ukingo wa paa walikuwa wakimtazama mdomoni, kila mmoja, kama wanasubiri yai litoke. Shikamoo haiachwi ikaanguka chini, na mwenye kupewa hana jibu la pili.

"Marahaba," alisema Evaristi.

Mzee mmoja alikohoa. Wasichana waliona ni jambo la kupendeza, bibi wa zamani anayeheshimu walimu namna ile, na Adelina, kiranja wao, aliyekabidhiwa simu ya Sista kwa ajili ya picha, akaomba warudie ili apige vizuri. Wakarudia.

Usoke ilitimiza ahadi yake kupita kiasi. Katekista Anton alimkaribisha mgeni ambaye, alisema, hajapazoea hapa. Mgeni akaoneshwa kisima. Akaoneshwa mpera ambao alianguka kutoka juu yake akiwa mdogo akavunjika mkono, akaambiwa huu ni mpera. Mwanamke mmoja aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe wakati Spesioza akiugua alimuuliza kwa upole kabila lake ni gani. Evaristi alijibu yote kwa tabasamu lililokuwa likimkauka usoni kama udongo ambao wasichana walikuwa wameanza kuubandika ukutani.

Walibandika kweli, tusiwanyime haki yao. Walikandika ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, mpaka ukang'aa. Kwaya iliimba. Bango likafungwa mbele ya ukuta mbichi kwa ajili ya picha ya pamoja, likashika kwenye udongo, na lilipobanduliwa likaondoka na kipande kikubwa cha huruma ya asubuhi ile. Wakabandika tena. Adelina, aliyekuwa na akili za kutazama juu, aliuliza kama hawatagusa paa, maana ujumbe ulisema paa ndilo linalovuja na nyasi zimeshakatwa zipo pale kwenye matita. Evaristi alimjibu kwamba wasichana hawapandi juu ya paa wakiwa na sketi. Ni kweli. Yeye alikuwa na suruali, lakini ilikuwa imepigwa pasi.

Spesioza alisikia. Alitazama matita ya nyasi, akatazama wingu lililokuwa likijikusanya upande wa Kaliua, akaingia ndani.

Sasa palikuwa na mtu mmoja tu Usoke ambaye hakufungwa na ahadi ya kunyamaza, na huyo ni Selemani, Mzaramo, fundi baiskeli wa pale stesheni. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu za hawa walipokuwa wakibeba pembe mabegani mpaka pwani na kupita katika nchi ya babu za wale. Pande mbili zikaona kuliko kupigana kila mwaka ni afadhali kutukanana. Mtani husema lolote. Anakukalia kiti, anakuvalia kofia, na msibani ndipo anapotawala kabisa: hujipaka majivu, humwigiza marehemu anavyotembea, hulalia jeneza mpaka apewe chochote. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unamjibu kwa tusi lenye utamu kuliko lake, basi, mambo yanaisha kwa kicheko. Evaristi na Selemani walijibizana hivyo tangu Evaristi akiwa na kaptula.

Selemani alitokea upande wa reli amejipaka majivu uso mzima, shingoni amefunga tai ya kipande cha khanga. Mikono aliiweka nyuma. Kidevu alikiinua. Akapita mbele ya nyumba polepole, akikagua, na hata wasichana wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini, maana ule mwendo walikuwa wakiuona kila siku mbele ya ofisi ya makamu. Alipofika mlangoni alijitupa chini.

"Nimekuja kumlilia mtani wangu, mtoto wa bibi huyu," alisema. "Amekufa. Asinibishie mtu. Yuko Mnyamwezi gani aliye hai ambaye mama yake anakandikiwa nyumba na watoto wa shule? Babu zake walibeba pembe mpaka kwetu, miguu mitupu. Yeye kimemshinda kitita cha nyasi. Mjini tulisikia anavaa tai. Basi kazikeni tai."

Akavua ile khanga akailaza mlangoni.

Jibu lilimjia Evaristi mdomoni lenyewe, zuri, lenye chumvi, jibu ambalo lingewaangusha watu kwa kucheka. Alihitaji kulitema tu. Lakini anayemjibu mtani ndiye mwenye msiba, na kumjibu Selemani pale kulikuwa ni sawa na kusema mbele ya Sista kwamba mtoto wa bibi ni mimi. Alisimama. Usoke ilimsubiri, na ilimsubiri kwa mapenzi, hilo lieleweke. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa na mtu alikuwa amelala kizingitini kumwonesha njia. Evaristi alilimeza lile jibu.

Kimya kile Sista Advera alikielewa kwa namna yake. Kwao pia kuna watani, na watani wa kwao hawajipaki majivu bila msiba. Alimsogelea Spesioza, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, bibi. Ujumbe haukusema kama ulifiwa. Aliondoka lini?"

Katekista Anton alifungua mdomo, akasema Sista, Sista, samahani. Spesioza alimtazama tu, naye Anton akaufunga.

"Aliondoka kidogo kidogo, Sista," alisema. "Siku yenyewe siikumbuki."

"Jina lake nani, tumwombee?"

"Mungu analijua."

Sista alifuta macho. Aliwaita wasichana wakaja na mikono yao yenye udongo, wakazunguka mlango, na kwa kuwa mwalimu wa dini alikuwepo, akamwomba yeye aongoze. Selemani alikuwa ameshainuka, anajifuta majivu kwa mkono wa shati. Hata mtani ana mahali pake pa kukomea, na hapo alikuwa amepita bila kutaka.

Evaristi aliongoza. Sala hiyo aliijua tangu utoto, alifundishwa na mwanamke aliyesimama mbele yake. Alisema raha ya milele umpe, ee Bwana, na sauti za wasichana zikaitikia kwamba mwanga wa milele umwangazie. Alisema apumzike kwa amani, wakaitikia amina. Akajiombea hivyo mpaka mwisho, akajizika vizuri, hakukosea hata neno. Wote waliitikia isipokuwa Spesioza. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge na kutikisa kichwa, akikataa, akimkatalia Mungu asiisikie sala ile. Evaristi alimwona. Hapo ndipo aibu ilipomfikia, aibu yenyewe, si ile hofu ya kuumbuka aliyotembea nayo wiki nzima akidhani ndiyo aibu.

Na bado hakusema kitu. Ndivyo alivyo mtu wa kesho.

Walipokuwa wakipanda gari Spesioza alitokea nyuma ya nyumba akiwa na kuku, tetea wa madoadoa aliyefungwa miguu. Desturi ni kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Alipita mbele ya Sista, akaenda mpaka kwa Evaristi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nasikia unaye mama," alisema. "Mpelekee. Mwambie namsalimu."

Gari liliondoka. Evaristi alikaa mbele, katikati ya Sista na dereva Fikiri, kuku mapajani. Nyuma wasichana hawakuimba. Walipofika barabara kuu Fikiri aliwasha taa ya kukata kwenda Tabora, na Sista akamwambia ngoja.

"Urambo si mbali kutoka hapa," alisema Sista. "Wasichana wamemwona mama aliyeachwa, na wamelia. Sitaki warudi hivyo. Twende wakamwone na mama aliyetunzwa. Na huyo kuku afike."

Akagonga dirisha la nyuma akawaambia wanakwenda kuiona nyumba ya mama yake mwalimu. Kelele zilizotoka huko zilimshtua kuku. Waliisubiri nyumba ile miaka yao yote ya shule. Mmoja aliuliza kama maua yamechanua. Adelina alikuwa ameshaanza kugombana na mwenzake kuhusu tanki, liko kulia au kushoto mwa mlango, na kila mmoja alikuwa na uhakika.

Fikiri akakata kulia. Lami ilikuwa nzuri. Mashamba ya tumbaku yalipita, mabani yakapita, matone ya kwanza ya mvua yakapiga kioo. Evaristi alitafuta kitu cha kusema. Angeweza kusema mama amesafiri. Angeweza kusema amelazwa. Mdomo uliojenga nyumba nzima usingeshindwa na safari moja. Lakini kila alipoanza alihisi moyo wa yule kuku ukidunda kwenye kiganja chake, na aliona mdomo wa mama yake ulivyozibwa kwa kitenge, na mvua ilikuwa inaongezeka.

"Fikiri, simama," alisema.

Sista aliuliza kama ndiyo hapa.

"Hapana, Sista. Mama yangu tumeshampita."

Fikiri alisimamisha gari kando ya barabara. Kifuta kioo kilikwenda kikarudi. Sista Advera alimtazama Evaristi, akamtazama kuku, akatazama mbele, akapanga mambo yake kimyakimya, na ulikuwa upangaji mrefu.

"Na tanki?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna tanki."

"Na marehemu?"

"Ni mimi, Sista."

Sista alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Cheo cha makamu kilikuwa kimeshashuka kwenye gari, kikaenda zake. Alimwambia Fikiri ageuze.

Usoke walikuwa bado hawajatawanyika, kwa kuwa walikuwa na mengi ya kuzungumza. Spesioza alikuwa akifagia mabonge ya udongo mlangoni. Gari liliposimama na Evaristi akashuka peke yake mvuani, kuku kwapani, Selemani alijiweka tena kizingitini, miguu mbele.

"Amefufuka," alisema, "na Pasaka bado."

Evaristi alimfikia, akasimama. Nyuma yake Sista alikuwa ameteremka, na wasichana wote walikuwa wamejazana ubavuni mwa Fuso, wanasikiliza.

"Mzaramo wewe," alisema Evaristi, kwa sauti ya kufika stesheni, "toka kwenye mlango wa mama yangu. Msiba huu hauna pilau. Nenda ukalilie kwenu, kama utaikumbuka njia, maana babu zangu ndio walioichonga."

Halikuwa jibu kali. Lingeweza kuwa bora kama angelitoa mapema. Selemani alitikisa kichwa kuonesha kwamba kwa leo amelipokea, akapisha, na Usoke ikacheka, kicheko cha kumpokea mtu, japo ndani yake mlikuwa na meno. Wasichana hawakucheka. Adelina alikuwa akimtazama mwalimu wake kwa macho makavu, na macho hayo atayakuta darasani Jumatatu.

"Shikamoo, mama," alisema Evaristi.

Spesioza aliegemeza ufagio ukutani, ukanata kwenye udongo. Shikamoo ile aliiacha ikae mvuani kidogo.

"Marahaba," alisema. "Mama yako umemkuta?"

"Nimemkuta."

Akampokea kuku, akamfungua miguu, akamwachia akimbilie nyuma ya nyumba. Kisha alimtazama mwanawe toka viatu mpaka kola, akaitazama na ile suruali yenye pasi.

"Ukuta wamekandika watoto," alisema. "Paa bado."